Wimbo Uliotumwa Korogwe Bila Maneno

Juzi mwanangu wa mwisho kaniwekea simu mdomoni kama daktari anayetaka kuangalia koo. "Mama, imba kwa pua tu, maneno achana nayo. Simu yenyewe itakutafutia wimbo." Nikamwambia mimi na kuimba hatusalimiani. Akasema simu haijali hayo. Basi nikakohoa, nikajiweka sawa kwenye kigoda, nikafumba midomo, nikaimba. Simu ikazungusha kiduara chake, ikazungusha, ikafikiri kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, mwisho ikaandika kwamba haijasikia wimbo wowote, nijaribu tena mahali pasipo na kelele. Mwanangu akaanguka kitandani kwa kucheka. "Mama, kelele yenyewe ndiyo wewe!"

Nilicheka naye, ningefanyaje. Lakini kwa akili nilikuwa nimeshaondoka pale nyumbani. Maana kazi hiyo ya kumpelekea mtu wimbo usio na maneno ili akutafutie, mimi niliifanya zamani, wakati hata simu ya kuzungusha kwa kidole nilikuwa naiona posta tu. Na niliifanya vibaya vilevile.

Kwetu ni upande wa Handeni, kijiji kimekaa barabarani kabisa, ile barabara ya kwenda Korogwe, na wakati huo ilikuwa vumbi tupu. Ukianika shati jeupe asubuhi, jioni unaanua la kaki. Mama yangu aliuza machungwa pale basi liliposimama. Aliyamenya kwa kisu kidogo, ganda likitoka refu bila kukatika, likining'inia kama nyoka wa kuchezea, na sisi watoto tuligombania yale maganda tuvae shingoni. Mpaka leo nikimenya chungwa, vidole vikinuka ile harufu kali inayochoma pua, namwona mama ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kanga kaifunga kifuani, anatazama barabara.

Basi la asubuhi lilikuwa linatoka Handeni, na dereva wake alikuwa akianza safari na kuanza kanda kwa pamoja. Kwa hiyo likifika kwetu, siku zote ni wimbo uleule. Spika ilikuwa imefungwa nje, juu ya mlango, inakoroma kidogo, lakini gitaa lilikuwa linalia vizuri mno, na mwanaume anaimba taratibu kama anamsimulia jirani. Anasimulia habari za mtu aliyemwacha mkewe na watoto, akaenda kuhangaika na dunia. Dunia ikamchapa. Sasa anarudi usiku, anafika mlangoni kwake, anagonga. Mkewe ndani kasikia. Mwanamke ananyanyuka kitandani, anauendea mlango... na hapo konda anapiga bodi la basi, twende! Basi linaondoka na mlango haujafunguliwa. Kila siku ya Mungu. Mama anabaki na machungwa mkononi, anaangalia vumbi.

Baba hakuwepo nyumbani. Sisi watoto tuliambiwa amekwenda Mkumbara kununua vitunguu. Mimi nikawa namsubiri na vitunguu vyake. Ikapita masika, ikapita vuli, nikawa najisemea, hivyo vitunguu lazima ni vingi sana. Kumbe Mkumbara kulikuwa na mama mmoja mwenye kuuza vitunguu, na yeye ndiye aliyemnunua baba.

Kwa hiyo ule wimbo mimi niliujua kuwa ni wetu. Sikuwa na wasiwasi wowote. Mume kaondoka, watoto wapo, mlango upo, nini tena? Niliamini kabisa nyimbo ni kama matangazo ya mwenyekiti wa kijiji. Likishatangazwa, watu wanafuata. Yule mwanamke wa kwenye kanda akifungua mlango, mama naye atafungua. Asipofungua, basi tena, baba atabaki na vitunguu vyake. Shule nilikwenda, jamani, msinifikirie vibaya, ila mimi na shule tuliachana darasa la sita, na kila mmoja wetu alishukuru.

Halafu basi lile likafa. Lilifia mbali huko, injini, likaletwa jingine na dereva mwingine, mtu wa milimani, Msambaa, Mkristo, na yeye kanda zake ni kwaya tu mwanzo hadi mwisho. Wimbo wetu ukapotea hivihivi, yule mwanamke yuko katikati ya chumba, mkono haujafika kwenye kitasa.

Na wiki hiyohiyo ndiyo ikaja habari kwamba baba anataka kurudi.

Aliileta mwendesha baiskeli mmoja: Baba Mwanaidi anasema Ijumaa baada ya swala atakuja nyumbani na wazee wake, kuomba. Mwanaidi ndiye mimi. Mama aliendelea kusonga bada, ule ugali wetu wa muhogo mweusi, akausonga mpaka ukawa mgumu kama tofali. Jioni akaja jirani yetu, Mama Zaina, rafiki yake wa kufa na kuzikana, wakakaa jikoni. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikijifanya nachambua mchele.

"Sasa utamfungulia?" Mama Zaina akauliza.

"Sijui."

"Hujui au hutaki kusema?"

"Sijui, Mama Zaina. Moyo mmoja unasema mwache abaki na huyo huyo wa vitunguu. Mwingine unasema watoto." Akasukuma kuni. "Hivi yule mwanamke wa kwenye wimbo, alifungua au hakufungua?"

"Mwenzangu, mimi nitajuaje? Na mimi si nilikuwa nauza karanga dirisha la nyuma? Basi likiondoka linaondoka na wote."

"Ningejua tu yeye alifanyaje."

Mama Zaina alitaka kucheka, nikasikia pumzi yake, lakini akajizuia. Nadhani alimwona mama usoni. Mimi huku nyuma ya mlango moyo ulikuwa unapiga kama ngoma ya harusi. Nilikuwa namtaka baba. Nilimtaka kwa sababu za kipuuzi za kitoto, alikuwa akinibeba mabegani tukienda shamba, na kichwa chake kilinuka mafuta ya nazi. Nikawa naomba Mungu yule mwanamke awe amefungua.

Siku ya pili mama akanipa kazi. Alhamisi niende Korogwe kwa shangazi Rehema, dada yake baba, aliyekuwa akikaa mtaa wa Masuguru. Nimpelekee kikapu cha machungwa. Kikapu cha pili, kidogo, nikipeleke kwa kijana mwenye kibanda cha kurekodi kanda karibu na stendi, anirekodie ule wimbo, achukue machungwa yawe malipo.

"Nimwambie wimbo gani?"

"Mwimbie."

Nikafungua mdomo niimbe, mama akaniwekea kiganja. "Maneno usiyatoe! Korogwe yote imejaa ndugu za baba yako. Wakisikia mtoto wangu anatafuta wimbo wa mume anayegonga mlango, watasema namlilia. Watacheka mpaka Tanga. Peleka sauti tu. Fumba mdomo. Mm-mm-mmm. Hivyo."

Basi tukakaa jikoni jioni nzima, mama ananifundisha kuimba bila kufungua mdomo. Yeye alikuwa na sauti, mashallah, hata akiguna tu unataka kulala kwenye mapaja yake. Wimbo ulianza chini, ukapanda polepole kama mtu anayepandisha kilima na ndoo kichwani, halafu pale pa kugonga mlango unasimama kidogo, unapumua. Mimi nikijaribu, unatoka kama lori lililokwama matopeni. "Rudia," mama anasema. Narudia. "Punguza." Napunguza. Paka akatoka nje. Mwisho mama akaridhika, au alichoka, akaniambia, "Sasa huo usiuchanganye na kitu. Uubebe hivyohivyo mpaka kwa yule kijana."

Nilimwelewa kupita kiasi. Mimi nilijua wimbo unakaa mdomoni kama maji. Ukifungua mdomo, unamwagika.

Asubuhi nikaondoka nyumbani naguna, mdomo nimeubana, kikapu huku na kikapu huku. Sasa kwetu kusalimia siyo neno moja ukapita. Ni kikao. Shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, mama yako hajambo, na bibi, na mbuzi, na lile shamba la bondeni, mvua mmepata? Mtu wa kwanza kukutana naye ni nani? Mzee Mhina, aliyekuwa akisalimiwa na kijiji kizima hata na wanaomdai. Kasimama njiani na jembe lake, ananisubiri shikamoo yake.

Nikamtazama. Nikatikisa kichwa. "Mm-mm-mmm," nikapita.

"We mtoto!"

"Mm-mm," nikaongeza mwendo.

"Huyu si Mwanaidi? Mwanaidi! Hunioni?"

Nilimwona sana, ila wimbo ulikuwa umefika kwenye kupanda, ningefanyaje. Nikapiga magoti kwa adabu zote, kikapu kikamwaga machungwa mawili, nikayaacha hapohapo, nikakimbia naguna. Nyuma nikamsikia anamwambia mtu, "Mtoto wa watu kapagawa. Hayo ndiyo mambo ya baba kukaa Mkumbara." Kufikia mchana, kijiji kizima kilijua nimepatwa na mashetani, na bibi mmoja alikuwa ameshaanza kutafuta majani ya kunifukizia.

Kwenye basi mama alinikabidhi kwa konda kama kifurushi. Mzigo wangu nikaupakata. Na dereva, yule mtu wa milimani, akawasha gari, akawasha na kwaya.

Ndugu zangu, mtu ambaye hajawahi kubeba wimbo mmoja ndani ya wimbo mwingine hajui shida. Ilikuwa kwaya kubwa, kinanda, magitaa, akina mama wanapokezana na akina baba, sauti zinaruka kama watoto wanaoruka kamba. Nikaziba masikio kwa vidole. Nikaguna kwa nguvu zaidi. Konda akaniinamia, "Mdogo wangu, unaumwa masikio?" Nikatikisa kichwa. "Jino?" Nikatikisa. "Basi unataka kutapika, sema mapema!" Akanipa mfuko wa nailoni. Nikaushika mfuko, naguna. Vumbi linaingia, mtu wa mbele yangu kapakata kuku, spika iko juu ya kichwa changu. Nilipigana vita hiyo mpaka Korogwe na nikashuka pale stendi nikiwa nimeshinda. Wimbo nilikuwa nao mdomoni, mzima, moto. Niliamini hivyo kwa roho yangu yote.

Shangazi Rehema alinipokea, nikamwonyesha kwa kidole kile kibanda cha kanda, akanipeleka, akaniambia nimsubiri hapo yeye anaingia sokoni kuchukua samaki. Wenzangu wa rika langu mnavikumbuka vibanda vile. Redio mbili zimeunganishwa kwa waya, kanda zimepangwa ukutani mpaka juu, zile zilizochoka zimening'inizwa utepe wake kama nywele, na harufu ile ya plastiki mpya ukifungua kanda, ambayo kwangu ilikuwa harufu ya utajiri. Nje kulikuwa na benchi, na benchini vijana wasio na haraka.

"Karibu, mrembo," mwenye kibanda akasema. Nikampa kikapu kwanza. "Unataka nini?"

Hapo ndipo nilipofungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Wimbo."

"Unaitwaje?"

"Sijui."

"Kaimba nani?"

"Sijui."

"Niambie maneno yake basi."

"Nimekatazwa."

Vijana wa benchini wakageuka wote. Mmoja akasema, "Huyu kaja kununua kitu hakijui na kutaja haruhusiwi. Mpe tu chumvi aende." Wakacheka, mimi nikafumba macho, nikabana mdomo, nikaimba kwa pua.

Nikamaliza.

"Hii gari aina gani?" akauliza yule wa chumvi.

"Mwacheni mtoto," mwenye kibanda akasema. "Rudia, mrembo." Nikarudia. Akaweka sikio. Kijana mmoja akasema huo ni wa taarabu, akauguna yeye, akaupindisha pindisha. Mwingine akasema taarabu wapi, huo ni wa harusi, akauguna wa kwake. Dakika ile benchi zima lilikuwa linaguna kama nyuki, kila mtu na wake, wapita njia wanasimama, na mimi nalia kwa hasira nikidhani wanaugawana wimbo wa mama yangu, hautabaki. Mara mwenye kibanda akapiga paja. "Nimeupata! Tulieni, nimeupata!" Akapanda kwenye stuli, akachomoa kanda moja, akaitia kwenye redio, akabonyeza, akaweka sikio, akacheka, halafu akaniwekea kidogo tu ule mwanzo, magitaa.

Niliruka juu. "Ndiyo wenyewe! Ndiyo huohuo!"

Na kweli ulikuwa huohuo. Ulifanana kabisa na ule niliokuwa nao mdomoni.

Jioni basi likanirudisha. Kanda nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la gauni. Nikamkabidhi mama, akaitazama, akaiweka chini ya mto. Hakuisikiliza usiku ule. Nadhani aliogopa. Ijumaa adhana imeshapita, wanaume wako msikitini, Mama Zaina akaja na redio ya mumewe kaifunika kwa kanga kama mtoto mchanga. Wakafunga mlango. Wakakaa mkekani, mimi katikati yao. Mama alikuwa kavaa gauni lake la idi.

"Bismillahi," Mama Zaina akasema, akabonyeza.

Magitaa. Kinanda. Halafu akina mama na akina baba, wote kwa pamoja, wakapaza sauti kueleza habari za Nabii Nuhu na safina yake.

Mama akanitazama mimi. Mama Zaina akaitazama redio. Mimi nikatazama mkeka, maana nilianza kuelewa kilichonipata ndani ya lile basi.

Tungeizima, lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Kwaya ikaendelea. Wanyama wakaingia wawili wawili. Wingu likatanda. Watu waliokuwa wakimcheka Nuhu wakaja mbio mlangoni, na hapo kwaya ikagonga ngoma, ko ko ko, wanagonga, Nuhu tufungulie! Mama akanishika mkono. Ko ko ko, Nuhu tufungulie! Na akina mama wa kwaya wakajibu kwa sauti nyembamba tamu kabisa kwamba mlango haufunguliwi, mlango umefungwa, maji yanapanda, yako magotini, yako shingoni.

Nikaangua kilio. Nilikuwa nimelisikia tangazo. "Mama, na baba? Baba ndiyo atakufa maji?"

Mama Zaina ndiye aliyeanza. Alitoa mlio kama birika, akajifunga kanga mdomoni, akalala ubavu. Kisha mama. Mama yangu alikuwa hajacheka tangu baba aende kwenye vitunguu, alikuwa anatabasamu tu kwa wateja, tabasamu la dirisha la basi. Siku ile alicheka mpaka akashika ukuta. Kila akijikaza, kwaya inagonga, ko ko ko, na wao wanaanza upya.

Tukiwa katika hali hiyo, mlango wa kweli ukagongwa.

"Hodi."

Mama Zaina alinyanyuka, akatokea mlango wa uani akiwa amejiziba mdomo. Redio akaiacha inaimba. Mama akajifuta macho, akakaa sawa.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi, Baba Mwanaidi."

"Baba Mwanaidi yuko Mkumbara."

Nikamsikia baba anahamisha miguu kwenye changarawe. Nilitaka kukimbilia kitasa, mama akanibana na goti lake.

"Umekuja na nani?" mama akauliza. "Wazee wako wapi?"

"Wamekataa." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama si yake. "Wamesema nilipokwenda sikuwauliza, basi na kurudi nirudi mwenyewe. Niseme mwenyewe."

"Haya, sema."

"Nimekosa, Mama Mwanaidi."

"Sikusikii, redio inalia."

"Nimekosa!" Nadhani alisikika mpaka msikitini. Kuku wa Mama Zaina walikimbia. "Nimekukosea wewe, nimewakosea watoto. Ukinifukuza nitakwenda. Lakini nimekosa!"

Mama aliukazia macho ule mlango muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari nzima ya Korogwe, na uso wake sasa haukuwa na kicheko hata kidogo. Ndani ya redio maji yalikuwa yamefika juu ya milima, na watu wa nje bado wanagonga.

Halafu mdomo wake ukaanza kucheza pembeni.

"Mwanaidi," akaniambia, "mfungulie baba yako. Asije akafa maji huko nje."

Nilifungua. Baba alikuwa amesimama na viatu mkononi, vumbi jekundu mpaka magotini, midomo imekauka kwa jua la Handeni. Akatazama juu, mbingu nyeupe isiyo na hata kiwingu, akanitazama mimi, akatazama ndani.

"Maji?" akasema. "Maji gani, na kiangazi hiki?"

Mama alikuwa ameinama mkekani, kajifunika kanga uso mzima, mabega yanatikisika, yanatikisika. Na baba, masikini ya Mungu, akadhani mkewe analia kwa ajili yake. Akaviachia viatu, akapiga magoti palepale kizingitini, akaanza na yeye kulia.